Hamna Kitu Mfukoni

Mume wangu ana mifuko mingi kuliko akili, na nasema hivi huku nampenda. Ovaroli yake ya kazi ina mifuko kifuani, kiunoni, matakoni, hadi mapajani, na yote huwa imejaa. Mchana anatengeneza pikipiki za bodaboda Nyamongo, jioni akirudi hapa Genkuru anapitiliza kwa ng'ombe wake kabla hajanisalimia mimi. Kwa hiyo mifukoni mwake gereji na zizi vinakutana: nati, kipande cha waya, kamba ya kufungia ndama, punje za mahindi ya kuchoma, na kijiti cha meno kilichokwisha kutumika na kurudishwa kwa matumizi ya baadaye. Mtu anahifadhi kijiti cha meno, lakini umuulize kadi ya kliniki ya mwanawe iko wapi, anakutazama kama umemsemesha Kichina.

Nilipoolewa, nikitokea Nyansurura, nilidhani kukagua mfuko ni sehemu ya kufua kama ilivyo kuchota maji. Mama yangu alikuwa anageuza mifuko ya baba nje ndani huku anapiga soga na jirani, na hakuna aliyeitisha kikao. Basi na mimi, bibi harusi mwenye bidii, nikaingiza mkono kwenye suruali ya mume wangu, nikatoa nati moja yenye grisi, nikaiweka dirishani ili isipotee. Alipoiona, uso ulibadilika.

"Unanipekua?"

"Nafua."

"Kufua ni maji na sabuni. Mkono mfukoni unatafuta nini?"

Nilicheka, nikijua anatania. Kumbe mwenzangu yuko kazini. Kesho yake mama yake aliniita jikoni kwake, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza mbali kabisa, kwenye mwaka aliozaliwa yeye.

"Mimi nimemfulia baba yao mpaka amekufa," alisema, "na mkono wangu haujawahi kuingia mfukoni mwake. Mke hapekui. Kama una wasiwasi, muulize mwenyewe. Akisema hamna kitu, unafua."

Nilitamani kumuuliza ni vitu vingapi vya marehemu aliviloweka kwa heshima hiyo. Nilikuwa mgeni, nikasema, "Sawa, mama." Utaratibu ukawa umepita: mimi niulize, yeye ajibu, maji yamalizie.

Huo utaratibu sijui niuite nini. Kila siku ya kufua nilisimama mlangoni na beseni, nikauliza, "Baba watoto, mfukoni kuna kitu?" Naye bila kuinua macho kwenye simu akajibu, "Hamna kitu." Siku moja simu yenyewe haikuwa mkononi mwake, na ningekuwa na akili ningejiuliza iko wapi. Ilikuwa ndani ya beseni, inaogelea na soksi. Aliifukia kwenye debe la mchele kuikausha, kisha akasahau kwamba aliifukia. Siku niliyochota mchele wa wageni, simu ikatoka na kikombe. Haikuwaka tena. Wali aliula.

Na unadhani lawama ilikwenda kwa nani? Mama mkwe alikuja na mkono shavuni. "Kwani wakati unafua mikono yako ilikuwa wapi? Hukusikia kitu kigumu?" Yaani nikigusa, mpekuzi. Nisipogusa, mzembe. Peni ilipopasuka kwenye mashuka ya Krismasi, mzembe. Chingamu ilipoyeyuka kwenye pasi na kunasa kwenye gauni langu la pekee la kutokea, mzembe. Mume wangu alikuwa anasikitika pembeni, kama mtu aliyekuja kutoa pole kwenye msiba usiomhusu. Nilimdharau sana nyakati hizo, na sitajifanya sikumdharau.

Hayo yote niliyameza. Vitu ni vitu. Lakini mwaka jana yakafika kwa binti yetu.

Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la nne, na alikuwa anajiandaa na komunyo ya kwanza. Mwaka mzima alitembea kwenda mafundisho kigangoni, jua au matope, na nyumbani aliwasomesha mbuzi sala zote mpaka nikahisi na wao wako tayari kupokea. Katekista wetu ni mtu wa msimamo. Aliwatangazia wazazi kwamba mtoto atavaa nyeupe, na nyeupe ni nyeupe, siyo rangi ya maziwa wala ya chai ya maziwa. Asiye na nyeupe atasubiri mwakani. Wote tulijua hatanii, kwa sababu mwaka uliotangulia msichana mmoja alikuja na gauni la njano, akakaa na wazazi wake benchi la nyuma, akilia kimyakimya misa nzima. Binti yangu alikuwa ameliona hilo kwa macho yake.

Mimi ni fundi cherehani. Gauni nililishona mwenyewe, kola ya mviringo na mikono ya puto, na Jumamosi asubuhi nikaliloweka ili kutoa mafuta ya mashine. Kwenye beseni hilohilo nikataka kuweka shati jeupe la mume wangu, la kuvaa kesho yake kanisani. Alikuwa amelivaa jana yake kwenda msibani, na akiwa njiani kurudi alipitia zizini, kama kawaida yake. Mfuko wa kifuani ulikuwa umefungwa kifungo, na niliona umetuna kidogo. Nilisimama mlangoni na lile shati mkononi.

"Baba watoto, mfukoni kuna kitu?"

"Hamna kitu."

"Angalia basi. Naloweka na gauni la mtoto."

"Nimekwambia hamna kitu. Unataka niape?"

Nikaloweka.

Niliporudi na kindoo cha pili, maji yalikuwa ya zambarau. Zambarau kabisa, ya kupendeza, ungefikiri mtu amekamulia zabibu. Mfukoni mlikuwa na kipande cha gazeti, na ndani ya gazeti zile chengachenga za dawa anayowaoshea ng'ombe kwato. Nilitoa gauni haraka, nikalisuuza, nikalisuuza tena, na kadiri nilivyosuuza zambarau iligeuka kuwa kahawia, kama kutu ya bati. Nilikamulia ndimu, nikatia chumvi, nikaanika juani. Kutu ikafifia, ikawa chai ya maziwa. Ile ile aliyoikataa katekista.

Binti yangu alikuja akasimama mbele ya kamba. Hakulia. Aliuliza tu, "Mama, benchi la nyuma unakaa na mimi?" Hapo ndipo moyo wangu ulipasuka, na hasira ikaingia mahali pa moyo.

Mama mkwe alishafika, mkono shavuni. "Hukuona mfuko umetuna?"

"Niliuona, mama. Nikauliza. Nikaambiwa hamna kitu."

"Sasa si ungeangalia!"

Nilimtazama mpaka yeye mwenyewe akasikia alichosema. Mume wangu alisema dawa hiyo ni ghali, akaondoka kwenda kuzungumza na wenzake.

Kitambaa cheupe Nyamongo kilikuwa kimeisha, kwa sababu kila mama mwenye mtoto wa komunyo alishapita madukani. Nilifikiria mashuka, yana maua. Nilifikiria pazia, lina matundu. Kisha nikakumbuka suti. Mume wangu ana suti nyeupe ya mikono mifupi, aliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya dada yake, ikavaliwa siku hiyo tu, na tangu hapo inaning'inia ndani ya nailoni kama maiti ya mfalme. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata vumbi liliiogopa.

Niliishusha. Na kabla ya kushika mkasi, nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ile nati ya siku za kwanza za ndoa yetu: nilikagua mifuko. Yote, polepole, mkono mzima mpaka kwenye mshono. Nilitoa kijiti cha meno. Nilitoa kipande cha keki ya harusi kilichofungwa kwenye tishu, kigumu kama tofali. Nilikiweka kwenye sahani, nikaifunika, nikaiweka mezani mahali pake pa kulia chakula. Kisha nikakata.

Koti likawa kiwiliwili cha gauni, suruali ikawa sketi. Jua lilikuwa linakwenda, sikuwa na muda wa kufumua kila kitu, kwa hiyo mifuko miwili ya mbele niliiacha palepale, mikubwa, yenye vifuniko. Binti yangu alipolivaa aliingiza mikono humo, akaizungusha, akacheka. Hakuwahi kuwa na nguo yenye mifuko. Sare ya shule ya wasichana haina, na mimi fundi sikuwahi kufikiria kwamba mifuko inamhusu.

Mume wangu aliporudi alifunua sahani, akaiona keki, akaelewa hata kabla hajaona nailoni tupu. Alifungua mdomo. Nikamuuliza, "Kuna kitu?" Akasema hamna kitu.

Jumapili katekista alimkagua binti yangu kuanzia kola mpaka pindo, akatikisa kichwa kukubali. Binti yangu alipokea komunyo wa tatu kutoka mbele. Mume wangu alikuwa na lile shati la kutu, amelifunika na koti zito la marehemu baba yake kwenye joto lile, jasho linamtiririka, na sikumhurumia.

Baada ya misa tulisimama nje kupiga picha. Mpiga picha alimwambia mume wangu asishike ufunguo wa pikipiki, unaharibu picha. Mifuko ya koti ilikuwa imetoboka, ya suruali ilikuwa imejaa kama desturi yake. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ile mifuko nyeupe iliyokuwa ya suti yake, sasa iko kiunoni kwa mtoto, akainua kifuniko atumbukize ufunguo.

Binti yangu aliushika ule mkono.

"Tata," alisema, maana ndivyo anavyomwita baba yake, "huo ni mfuko wangu. Uliza kwanza."

Watu walicheka. Mume wangu alimgeukia mama yake, aliyekuwa amesimama pembeni yetu na kilemba chake cha sikukuu, ili mama amtetee. Mama mkwe alitazama ufunguo, akamtazama mjukuu wake.

"Si umeambiwa uulize," alisema.

"Naomba niweke ufunguo," mume wangu akasema.

"Hapana, tata. Kuna rozari."

Picha hiyo tumeitundika sebuleni. Mume wangu ameshika ufunguo kwenye ngumi, amekunja uso. Mimi nacheka vibaya, meno yote nje. Binti yangu yuko katikati, mikono mifukoni.