Kushoto Geuka Mara Mbili

Mwalimu wangu wa hesabu alinichukia, nami nikamrudishia chuki yake bila kupunguza. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu watu wakisikia nilisomea umeme jioni, katika chuo cha katikati ya mji, hudhani kilichonitesa ni nyaya. Nyaya hazikunitesa. Mchana nilikuwa nauza nyaya na swichi katika duka moja la vifaa kule Riruta, nilizijua kwa kuzishika. Kilichotaka kunifukuzisha chuoni ni namba moja ambayo mwalimu mwenyewe alisema haipo.

Aliingia jioni hiyo akaandika ubaoni mzizi wa pili wa hasi moja, akauita j. Namba ukiizidisha kwa yenyewe haikupi hasi. Hilo nililijua tangu shule ya msingi, na yeye alilijua pia. Akasema hizi ni namba za kufikirika, j mara j ni hasi moja, andikeni tuendelee. Niliinua mkono.

"Mwalimu, kama haipo, tunaizidisha aje?"

"Wewe ulikuja kusoma umeme ama kubishana na vitabu? Kramu. Hii kitu iko kwa mtihani."

Darasa likacheka. Nikauliza tena, mbona basi hasi moja iwe na mizizi miwili, j na hasi j, ilhali hata mmoja haupo. Akanionyesha mlango. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi, nikamtukana kimoyomoyo yeye na wote waliocheka.

Wenzangu walikramu kweli, wakameza bila kuelewa. Walizipitia karatasi za mitihani iliyopita, wakajua swali likianza hivi unajibu vile, wakapita. Kichwa changu hakibebi kitu nisichokielewa, hukitema. Nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka somo moja mara tatu, unafunganya virago. Na mama yangu, ambaye furaha haimkai kifuani, alikuwa ameshatangaza kanisani kwetu Uthiru kwamba bintiye anakuwa fundi wa umeme mwenye cheti chake.

Jumapili moja kabla ya jaribio la mwisho nilikuwa kwa mama. Baada ya ibada nilikaa nje kwenye benchi, nimenuna, sitaki salamu ya mtu. Brigedi ya watoto wa kanisa ilikuwa uwanjani ikifanya mazoezi ya gwaride. Niliwahi kuivaa sare ile, na niliichukia kwa moyo wangu wote. Kapteni wetu alikuwa mama mmoja mwenye kijiti cha ngoma, na kijiti hicho kilinifahamu. Amri ya nyuma geuka lazima uzungukie kulia. Mimi nilizungukia kushoto, kila mara. Nikimaliza nilikuwa natazama kulekule walikotazama wenzangu, mgongo umenyooka, kidevu juu, na bado kijiti kiliniangukia begani.

"Umefika," alikuwa akisema, "lakini umefika vibaya."

Kapteni wa siku hizi ni kijana, mkali vilevile. Aliona watoto wanazubaa, akawaamuru kushoto geuka. Wakageuka wakatazama ukuta wa jiko la kanisa. Akaamuru tena kushoto geuka. Wakawa wametazama nyuma.

Nilisimama. Ukiizidisha namba kwa hasi moja, unaigeuza nyuma: tano inakuwa hasi tano, imetazama upande wa pili. Hilo kila mtu anakubali. Sasa mbele yangu kulikuwa na kitu kingine, ambacho ukikifanya mara moja hufiki nyuma, ukikifanya mara mbili umefika. Basi j ni kushoto geuka. Na ile njia ya kulia niliyopigiwa kijiti niifuate? Kulia mara mbili pia ni nyuma. Hiyo ndiyo hasi j. Mizizi ni miwili kwa sababu pande za kugeukia ni mbili, na zote zinafika. Tena hapakuwa na kitu cha kufikirika hapo. Watoto wale walipoutazama ukuta wa jiko hawakuwa wametazama mbele wala nyuma, lakini walikuwepo, na jua lilikuwa linawachoma.

Ungedhani nilifurahi. Nilikasirika. Nilimkasirikia aliyezibandika namba hizo jina la dharau, na mwalimu aliyelirudia bila kufikiri, na kapteni wangu pamoja na kijiti chake. Mama alikuja na chai akaniuliza ni nani amenikosea. Nikamwambia ni wengi.

Swali la kwanza la mtihani lilitaka j kwa kipeo cha ishirini na tatu. Nilichora mshale nikaandika kwamba kila migeuko minne inakurudisha ulipokuwa, kwa hiyo itupe, inabaki mitatu, na kushoto mara tatu ni sawa na kulia mara moja. Jibu, hasi j. Karatasi nzima niliijaza mishale.

Wiki hiyo hiyo niliitwa kwa mkuu wa idara, mama mpole wa maneno machache. Mwalimu wangu alikuwa ameketi pale, karatasi yangu mkononi.

"Huyu hajui hii kitu," akamwambia mkuu. "Ameanguka mara mbili. Alibeba simu ndani ya mtihani."

"Nipe swali lolote," nikasema.

"J kwa kipeo cha arobaini na mbili."

"Arobaini ni minne minne tupu, natupa. Inabaki miwili." Nikageuka kushoto, nikageuka tena, nikampa mgongo. "Hasi moja," nikauambia mlango.

"Hiyo si hesabu. Hiyo ni gwaride."

"Basi onyesha penye makosa."

"Onyesha, mwalimu," mkuu wa idara akasema.

Nilisikia karatasi zikipinduliwa, kisha zikirudishwa mezani. Nilipita, kwa alama ya chini kabisa, maana anayerudia mtihani hapewi zaidi ya hiyo hata akipata zote. Mwalimu hakuniomba radhi, wala sikuisubiri.

Mwaka uliofuata nilikuwa napita kwenye korido nikasikia vicheko darasani kwake. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amewasimamisha wanafunzi wapya katikati ya madawati, anawaamuru kushoto geuka. Wakageuka. Akaamuru tena, wakampa mgongo, na mmoja akasema kwa sauti, "Ah, kumbe." Akawaeleza kulia na kushoto, mizizi miwili, migeuko minne ya kutupa, yote kwa maneno yangu. Hakusema alikoyatoa. Aliniona pale mlangoni, tukatazamana, akaendelea kufundisha. Na alikuwa anafundisha vizuri, mshenzi yule. Nilikuwa nimeshainua mguu niingie nimuumbue mbele yao.

"Sasa," akawauliza, "mtu akigeuka nusu tu ya kushoto, asimame akitazama hiyo kona, huyo ni namba gani?"

Wakaanza kubahatisha, kila mmoja na yake. Mimi pia sikujua. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilibaki kwenye korido nikimchukia, na tayari nilikuwa nimeshaanza kulitafuta jibu.