Sauti Ndani ya Wingu la Magaliesberg

Nilipokuwa mtoto wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, milima niliijua kwa maneno ya Koko tu. Koko ni bibi yetu, mama yake baba. Alikuwa ametoka Kivu, kwenye milima ya Kongo, kuja kuishi nasi katika fleti iliyokuwa juu ya saluni ya mama, na Johannesburg hakuizoea kamwe. Kila asubuhi alisimama dirishani akitafuta kilele, akaona mapaa matupu, akaguna.

Baba mdogo Faustin alikuwa mlinzi wa jengo la maofisi mjini, na siku zake za mapumziko alizimalizia milimani. Siku alipoahidi kutupeleka, mimi na dada yangu Riziki, juu ya mgongo wa milima ya Magaliesberg, nje ya jiji, alituandaa kama watu wazima: viatu vya kamba, maji ya kutosha, koti la mvua hata kama jua linawaka, na kuondoka mapema ili tushuke kabla ya radi za alasiri. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatuita jikoni.

"Mulima iko na mwenyewe," alisema. "Wingu ikiwafunika, ni yeye anapita. Mukae chini, mushikane. Mukisikia majina yenu, musiitike. Hata kama ni sauti ya mutu munajua."

Riziki, ambaye alikuwa kigoli na kila kitu alikijibu kwa Kiingereza, alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto asiyetulia, mwenye miguu inayocheza hata kanisani. Mwenye mlima hakunitisha sana. Kukaa chini na kunyamaza ndiko kulikonitisha.

Huko juu, njia ilifuata ukingo. Upande mmoja bonde, upande wa pili makorongo yaliyoupasua mwamba kama mkate. Upepo ulikuwa unageukageuka, mara usoni, mara mgongoni. Nilikimbia mbele, nikaitwa, nikarudi, nikakimbia tena. Tulikuwa tumeshaanza kurudi wingu lilipokuja. Nilidhani lingetoka juu, lakini lilipanda kutoka bondeni, likatufikia magotini, kisha kifuani, kisha hatukuona tena alama nyeupe zilizochorwa kwenye mawe kuonyesha njia.

"Eish," alisema baba mdogo. "Kaeni hapahapa. Natazama alama inayofuata, niko hapo tu."

Akaenda. Tukasikia mawe yakiporomoka. Halafu kimya.

Kisha sauti ikaita: "Riziki! Neema!"

Riziki akainuka. "Ni yeye," alisema, akaanza kutembea. Nikamng'ang'ania koti.

"Koko alisema tusi..."

"Koko anajua nini kuhusu mlima huu?"

Sauti ikaita tena, safari hii kutoka nyuma yetu. Kisha kutoka kushoto. Riziki akageuka, akageuka tena, na nikaona uso wake unabadilika. Akakaa chini palepale. Akanivuta katikati ya magoti yake na kuniziba mdomo kwa kiganja, maana nilikuwa nimeshaufungua kuitika.

Sijui tulikaa muda gani. Sauti iliita, ikabembeleza, mwishowe ikawa inalia. Nilitaka kukimbia, popote pale, hata kuelekea kwenye hiyo sauti. Ilipokoma, ule ukimya ulikuwa mbaya zaidi.

Wingu lilipopasuka tuliliona korongo, karibu na viatu vya Riziki kiasi kwamba kokoto aliyoisukuma ilidondoka ndani. Chini yetu, juu ya mwamba mwembamba uliochomoza ukutani, baba mdogo alikuwa ameketi ameshika mguu. Alipotuona alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakitetemeka.

Watu wengine waliokuwa wakishuka mlima walimtoa kwa kamba. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika.

Nyumbani Koko aliuliza jambo moja tu: "Muliitika?"

"Hapana, Koko."

Akakaa sakafuni, mwanamke mzima yule, akatusimulia habari ambayo hata baba hakuwahi kuisikia. Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Siku moja wakichunga mbuzi ukungu uliwafunika, na mtoto yule akakimbia kumfuata aliyemwita jina, akaanguka gengeni.

"Nani alimwita?" aliuliza Riziki.

"Ni mimi," alisema Koko.

Nimekaa na jibu hilo maisha yangu yote. Nimesoma baadaye jinsi kuta za korongo zinavyorusha sauti huku na huko, na nimeelewa kwamba miiko mingine ni huzuni ya mtu iliyovishwa nguo za mzimu ili watoto waitii. Ilituokoa. Lakini baba mdogo aliwahi kuniambia, tayari akiwa na mvi, kwamba mguu haukumuuma kama kimya chetu. Alidhani tumekwisha anguka, na akaacha kuita kwa sababu hiyo.

Sasa nawapeleka wanangu kwenye mgongo uleule. Mwezi uliopita, kabla hatujaanza kupanda, niliwaambia: wingu likija kaeni chini, mshikane. Mkiitwa, itikeni kwa nguvu, lakini msiinuke.

Binti yangu, anayekielewa Kiswahili ila hakisemi, aliniuliza kwa Kiingereza: je, kama anayeita si wewe?

Nilimfunga kamba za viatu kwanza.

"Hata kama si mimi," nilisema. "Mwitikie ukiwa umekaa."