Mzigo wa Kwenda Hola

Pikipiki ya Mjomba Athumani ilinuka papa. Kila Jumamosi asubuhi, uani kwa bibi mjini Pate, aliipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa mashua hupaka mbao zao. Alipaka spoki moja moja, akapaka rimu na vyuma vya chini visivyoonekana, hata paka wa mtaa wakaja kukaa ukutani wakimtazama. Majirani walimwuliza kama amenunua pikipiki au ameivua baharini. Hakuwajali. Aliinunua ikiwa imechoka kutoka kwa mradi mmoja uliofunga ofisi: ndefu ya kupanda kama ngamia, yenye matairi ya meno makubwa, inayokwenda kwenye lami na kwenye mchanga bila kuchagua. Alisema kwamba kisiwani adui wa chuma si ajali, ni hewa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mwaka ule nilikuwa na sababu ya kuipenda harufu ile, kwa kuwa mjomba aliahidi kunipeleka Hola kumwona mama shule zikifungwa Aprili.

Baba na mama waliachana nikiwa mdogo. Mama akaolewa na mwalimu Mpokomo, wakaishi Hola, nami nikabaki kwa bibi, mamake mama na Mjomba Athumani. Sikuwa nimemwona mama kwa miaka mitatu. Sasa mumewe alikuwa amehamishiwa Moyale, wangeondoka Jumapili alfajiri, na baada ya hapo hakuna aliyejua tungeonana lini tena. Hesabu ya mjomba ilikuwa nyepesi: tutoke Jumatano, tufike Alhamisi jioni, nikae na mama siku mbili kamili. Nilizihesabu siku hizo mbili kila nilipolala na kila nilipoamka.

Majuma matatu tuliishughulikia pikipiki. Mnyororo tuliuosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, tukauacha ukauke, tukautia oili, kisha mjomba akaukaza mpaka ukawa unacheza vidole viwili, si zaidi wala si pungufu. Chujio la hewa lilikuwa sponji. Alilikamua kwenye petroli kama mtu akamuavyo nazi. Spoki alizigonga kwa spana akitega sikio, na iliyolegea ililia vingine, nami baada ya siku chache niliweza kuitambua kabla yake. Jambo aliloling'ang'ania kuliko yote ni upepo wa tairi. Mchangani unaupunguza ili tairi lijitandaze, na ukifika barabara ngumu unauongeza, la sivyo mpira unaumia. Kwa hiyo alikuwa na pampu ya mguu, ya chuma, kuukuu na nzito kama mtoto wa mbuzi, na aliipenda kuliko saa yake.

Kuhusu mizigo, mjomba hakuwa na yale masanduku ya kufunga ubavuni. Bibi alimsukia shogi, lile kapu la pande mbili la kumbebesha punda, akalipunguza kina lisiguse bomba la moshi. Kanuni ilikuwa ileile ya punda: kizito chini, na pande mbili zilingane. Tofauti, alisema mjomba, ni kwamba punda ukimwonea hukataa kwenda, lakini pikipiki hukubali, ikakumwaga mbele ya safari. Alizipima pande zote mbili kwa mizani ya samaki, na mimi pia akanipima, nimening'inia kwenye ndoano kwa mkanda wake, bibi akicheka hadi kushika ukuta.

Tabu ilikuwa amana. Kwetu msafiri hasafiri peke yake. Habari ilipotoka kwamba Athumani anapita Witu na Garsen hadi Hola, watu wakaanza kubisha hodi. Mmoja alileta tumbaku ya mwanawe aliyeko Witu, mwingine ng'onda, samaki mkavu, wa dada yake, mwingine mabuyu, na kila mmoja alisema chake ni chepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mjomba hakuweza kumkatalia mtu, na akishapokea amana hairudishi. Jumanne baada ya alasiri akaja Bi Somoe, jirani yetu, na mbuzi ya kukunia nazi ya bintiye, ya mti mgumu, ina miguu na meno yake. Mjomba akapima tena. Akanitazama, akajikuna kidevu.

"Mwanangu, mzigo umezidi," akasema. "Usipopungua, wewe itabidi ungoje safari nyingine."

Safari nyingine ya wapi, ya Moyale? Nilizitoa nguo zangu zote nikabakiza gauni moja, lakini mizani haikujali. Adhana ya magharibi ilipolia, mjomba akaenda msikitini na bibi akaingia kutawadha. Nilitia mkono kwenye shogi, chini kabisa, nikatafuta kitu kizito kisicho amana ya mtu. Nikaitoa pampu. Nikaisukuma chini ya kitanda cha bibi mpaka ikagusa ukuta. Mjomba aliporudi akapima, uso ukamkunjuka. Alidhani bibi ameondoa furushi lake la mchele. "Basi yeo twalala mapema, kesho twatoka sote," akasema, na sikuwahi kumpenda mtu vile.

Jumatano, bandarini Mtangawanda, tuliipandisha pikipiki chomboni kwa ubao, tukaifunga wima kati ya magunia, maana mjomba hakukubali ilazwe. Tulishuka Mokowe, bara. Barabara wakati huo ilikuwa ya udongo, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Alisimama kwenye mji wa Hindi, akaligusa tairi kwa kidole gumba, akasema tutaongeza upepo Witu. Witu tulikabidhi tumbaku na ng'onda. Alipoingiza mkono kutafuta pampu, mwenyeji wetu akamvuta akale, na baada ya kula akaharakishwa na wingu. Mimi nilikula kimya. Kama ningesema pale, pampu ya kuazima ingepatikana nyumba ya pili.

Mwiba wa mgunga ulituingia mbali na Witu, mahali pasipo nyumba wala gari. Mjomba akateremka bila wasiwasi. Akatandaza leso, akatoa kitu kimoja kimoja: vyuma vya kung'olea tairi, viraka, gundi, spana. Akatoa vyote. Akakung'uta shogi. Kisha akavipanga tena upya, kana kwamba pampu ingeweza kujificha nyuma ya spana. Nililia kabla hajaniuliza, nikamwambia kila kitu, pamoja na kitanda cha bibi. Nilijua atanipiga. Akageuka kuitazama barabara tuliyotoka.

"Kata nyasi," akasema.

Tulilishindilia tairi nyasi mpaka likasimama, na hivyo tukaenda, yeye akisukuma au akiendesha mwendo wa kinyonga, mimi nikitembea kando. Tulilala kwa wafugaji. Alhamisi yote tulikuwa njiani, na Garsen tulifika Ijumaa fundi akiwa ameshafunga kwenda kuswali, tairi likazibwa jioni. Mjomba hakunilaumu hata mara moja. Alisema tu, "Kawia ufike."

Hola tulifika Jumamosi jua likichwa. Mama alikuwa mlangoni na vyombo vilivyokwisha kufungwa nyuma yake. Alinikumbatia hadi nikakosa pumzi, kisha akamgeukia kakake.

"Nimesahau pampu," mjomba akasema, kabla hajaulizwa.

Mama akamwakia. Fundi gani asahauye pampu? Akamwita mzembe, mpenda sifa, mtu wa kuringa na chuma. Akamwambia kwamba amempokonya siku mbili za mwanawe na Mungu atamuuliza. Mjomba akainamisha kichwa, akasema, "Niwie radhi, dada." Nami sikusema neno. Nilikuwa na usiku mmoja wa kulala ubavuni mwa mama, na niliogopa nikisema nitaukosa huo pia.

Miaka mingi imepita. Barabara sasa ni lami, na safari iliyotuchukua siku nne mtu huimaliza akiwa bado na njaa ya chakula cha mchana. Visiwani bodaboda zimejaa, na hakuna anayezipaka sifa. Zikiliwa na kutu hununuliwa nyingine. Mama amerudi, anaishi nami hapa Amu, kisiwani Lamu, na kila asubuhi namsikia akiita paka. Nina siku nyingi naye kuliko nilizostahili, na bado nazitaka zile mbili. Mjomba alifariki mwaka juzi. Matangani jamaa walikumbushana kwa kicheko jinsi fundi mkubwa alivyosahau pampu, mama akacheka nao, nami nikainuka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Ramadhani iliyopita nilimwambia mama. Alikuwa akichambua mchele, nami nilimweleza yote, tangu mizani mpaka nyasi. Nilitazamia anigombeze, na nadhani nilitaka anigombeze. Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Nawe ulikuwapo nikimtukana," akasema. "Ulinisikia?"

Nikamjibu kwamba nilisikia. Nilikuwa nimesimama kati yao, nimemshika mama mkono.