Mwanamke wa Nyuma Yangu Kwenye Usaili

Msinicheke, jamani. Mimi ni mhandisi wa umeme kutoka Morogoro, na huku ughaibuni, Okolona, napanga maboksi ghalani. Juzi nilisailiwa kwa video na kampuni moja ya Ujerumani. Wakinichukua, nitapata kibali cha kazi. Sharti lao ni uwe peke yako chumbani. Nikavaa koti na tai juu, msuli chini.

“Yule mwanamke mwenye nguo nyeupe nyuma yako ni nani?” akauliza bosi.

Nikageuka. Kochi tupu. Nikaendelea kueleza transfoma.

“Amerudi,” akasema polepole. “Amenyoosha mkono.”

Nywele zikanisimama. Mara kiganja cha baridi kikatua utosini.

“Bibi, nisamehe! Nitakuja kulifagia kaburi lako!” Nikajitupa chini ya meza.

Nikasikia sauti: “Bon, papa, toka uko. Niko naombea visa yako tu.”

Ni Mama Esta, jirani Mkongomani mwenye ufunguo wangu. Asubuhi nilimwomba aniombee, nikidhani ataombea kwake. Nilipogeuka mara ya kwanza, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi.

Nikasimama haraka mbele ya kamera kuomba radhi. Hapo ndipo nilipouona msuli wangu, umenasa kwenye kiti.