Pikapu na Mama Mkwe

Gari letu halikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililonikera. Gari bovu unaliuza, watu wanakupa pole, mambo yanakwisha. Lakini pikapu ya mume wangu ilikuwa inawaka asubuhi bila kubembelezwa, inapanda na mzigo, inashuka na mzigo, haidai kitu ila petroli na maji. Tulikaa Busia, upande wa Uganda, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru. Yeye alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu: anawanunua kwa wavuvi wa ziwani, anawapeleka soko la Tororo. Kila jioni aliipapasa boneti ile kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa. Mimi sikumbuki kupapaswa hivyo.

Haja yangu ilikuwa paa. Mbele walikaa watu wawili, watatu wakibanana, na mmoja wao lazima awe dereva. Watoto walikuwa watano. Siku za kanisa walipanda nyuma wakiwa safi, wakashuka wakiwa rangi ya barabara na wananuka samaki, na mama mmoja wa benchi letu alikuwa akisogea taratibu mpaka benchi linamwishia. Nikilalamika, mume wangu alijibu, "Mama watoto, hao samaki ndio waliowavalisha viatu." Hayo yalikuwa mazungumzo yetu ya kila Jumapili, hata watoto walijua nani atasema nini.

Kisha mama yangu akashikwa na kifua. Mama aliishi Petta na mbuzi zake. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka yangu wa pekee alikuwa Jinja, kiwandani. Mama akakonda, akakohoa, na hospitalini Tororo wakasema apigwe sindano kila Jumanne, bila kukosa, mpaka watakaposema basi. Daktari alilirudia hilo la kutokosa huku ananitazama mimi, maana mama alikuwa anatazama dirishani. Basi la abiria halikufika kwao. Baiskeli ingemmaliza. Ikabaki pikapu.

Kama hujatoka pande zetu, ngoja nikueleze, la sivyo utatuona wapumbavu. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na kadiri inavyozidi ndivyo mnavyozidi kukaa mbali. Kwetu Wapadhola ni hivyo, na kwa mume wangu, ambaye ni Msamia, ni hivyo hivyo. Wazee wa kwao na wa kwetu walibishana juu ya kila kitu siku ya mahari, lakini hilo walikubaliana bila kikao.

Kwa hiyo mama kukaa mbele, goti kwa goti na mume wangu, lilikuwa jambo ambalo hata kulitaja ni matusi. Alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia, kaipa mgongo kabini. Mimi nilikaa naye nikimshika mabega. Mume wangu naye alikigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma mpaka kikaangalia paa, asije akamwona kwa bahati mbaya. Aliendesha kutoka Petta hadi Tororo bila kujua chochote kilichokuwa nyuma yake, na malori yakampigia honi mpaka yakachoka.

Siku moja askari wa barabarani akatusimamisha. Alikuwa mtu wa kaskazini, Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe, kioo yako naangalia wapi?"

"Juu, afande."

"Juu iko nini?"

"Hakuna kitu, afande. Nyuma ndiyo iko mama ya bibi yangu."

Askari akaja nyuma, akachungulia. Mama akajifunika uso kwa leso. Askari akarudi mbele akiwa amepunguza sauti. "Basi nenda pole pole," akasema, akatufungulia njia. Nadhani na kwao walikuwa na mambo hayo.

Mvua kubwa zilipoanza ndipo taabu ilipokuwa taabu. Tulisimika vyuma nyuma na kutandaza turubai juu, likawa kama kibanda. Upepo ukazunguka, ukaingiza moshi wa gari humo ndani, na mama akakohoa mpaka nikagonga kabini kwa ngumi ili gari lisimame. Tukavitoa vile vyuma. Tangu hapo alijifunika turubai gubigubi kama gunia la pamba, na bado alifika hospitalini ameloa. Muuguzi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama ninamleta mama yangu kutibiwa au kumwua. Nilikasirika sana, hasa kwa kuwa alisema kweli.

Usiku huo nilimwambia mume wangu pikapu iuzwe, tununue gari la watu. Nilitegemea vita. Akalitazama gari lake kupitia dirishani, akasema, "Sawa. Mama asilowe." Nilimpenda sana mtu yule wakati ule, nasema bila haya.

Palikuwa na mfanyabiashara Mhindi Tororo aliyekuwa na gari la paa mpaka nyuma, milango minne na wa tano wa mizigo, na alikubali kubadilishana na pikapu. "Gari hii hapana sumbua, mama," aliniambia, kwani aliona mara moja nani mnunuzi. "Ndani kama nyumbani. Mvua nabaki nje." Mume wangu alilizunguka, akapiga teke magurudumu, akafungua boneti na kusikiliza injini kwa uso wa mtu aliyekwenda matangani. Hakupata kosa. Tukaelewana kulijaribu Jumanne nzima, na pikapu ibaki pale uani.

Njiani kwenda Petta nilikaa kwenye kiti laini nikapunga mkono kwa watu nisiowajua. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa mkavu. Utashangaa kwamba hakuna kati yetu aliyelisema lile jambo. Mimi nilikuwa nawaza mvua tu. Yeye, kama alivyoniambia baadaye, alidhani mimi na mama tumeshalipanga, na si adabu mwanamume kuuliza mipango ya mkwewe.

Tulipofika, yeye alishuka haraka akaenda kusimama kwenye mihogo, ametupa mgongo, kama kawaida. Mama akatoka na mfuko wake. Akalizunguka gari lote.

"Paa zuri," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nyuma ni wapi?"

Nikamfungulia mlango. Akaingiza kichwa, akakitazama kiti cha nyuma, akakitazama kiti cha dereva kilichokuwa hatua moja tu mbele yake, akatoa kichwa.

"Mwanangu, hii ni nyumba. Umeniletea nyumba yenye mkwe ndani."

Ndipo nilipoona tulichokifanya. Nikavua leso yangu, nikaifunga katikati ya viti iwe pazia. Mama akaniuliza kama yeye akilala chumbani na mkwewe sebuleni, hiyo nitaiita nini. Nikamwambia akae kule nyuma kabisa, penye mlango wa tano. Akaniuliza kama yeye ni mzigo. Nikabembeleza, nikalia, nikapaza sauti mpaka mbuzi wakakimbia. Nikamwambia sindano, nikamwambia daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kuja, akaingia ndani na kufunga mlango. Kule kwenye mihogo mume wangu alikuwa ameloa tepetepe na hajageuka hata mara moja.

Jumanne ile ikapita bila sindano. Jioni tulilirudisha gari kwa Mhindi, tukachukua pikapu yetu. Mwisho wa juma akaja jirani wa mama kwa baiskeli, kutoka Petta mpaka Busia, kutuambia mama anatema damu. Tulimpeleka siku hiyo hiyo, nyuma, chini ya turubai. Daktari hakunifokea. Alisema tu kwamba akikosa tena, au akiendelea kulowa hivi, tusije kumwuliza yeye. Heri angenifokea.

Tulikaa tukatafuta dereva. Ndugu za mume wangu wawili walijua kuendesha, lakini ndugu za mume nao ni wakwe, hakuna tofauti. Wa kuajiri tulishampata mmoja zamani, na petroli ikawa inakauka yenyewe kama maji ya sufuria.

"Nifundishe mimi," nikasema.

Akacheka. Akaniona sicheki. "Mwanamke aendeshe pikapu ya samaki?"

"Kwani hao samaki watalalamika?"

Alinifundishia kwenye uwanja wa mpira wa shule, na nusu ya Busia ikaja kutazama, wengine wamevuka kutoka Kenya kwa kazi hiyo tu. "Klachi! Klachi! Mama watoto, unaliua!" Nikamjibu kwamba ni yeye anayeniua mimi kwa makelele. Kila gia ilipokwaruza alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Niligonga mlingoti wa goli, ukainama, na wakaendelea kuuchezea hivyo hivyo. Siku ya mtihani, mtahini aliniuliza nani kaniruhusu kuendesha gari. Nikamwambia daktari. Akaandika.

Basi Jumanne ya kwanza yenye leseni niliendesha mwenyewe hadi Petta. Nilikigeuza kile kioo kikaangalia nyuma kama kilivyoumbwa. Mume wangu hakukubali kubaki nyumbani. Alisema gari likikwama nitalisukuma na nani. Nilipofika nyumbani kwa mama, yeye alihamia nyuma, akakaa juu ya gunia lile lile, mgongo kwenye kabini. Mama akatoka, akaniona kwenye usukani, akasema "Yesu wangu," akapanda mbele.

Tulipofika njia kuu mvua ikamwagika. Si manyunyu, mvua ya kwetu hasa. Mama alikuwa mkavu pembeni yangu, amejifunika blanketi, na nilitaka kuimba. Nyuma mwenye gari alikuwa amekaa wima, turubai mabegani, kofia imemwangukia masikioni. Watu waliojibanza barazani mwa maduka walimsalimia kwa mshangao, naye akawaitikia mmoja mmoja, habari za nyumbani, nzuri, za watoto, nzuri.

Mama hakugeuza shingo. Baada ya muda akauliza, "Huko nyuma kunanyesha?"

"Kunanyesha, mama."

"Turubai liko?"

"Liko."

Tukaenda kidogo. "Simamisha," akasema. Nilidhani ni damu tena, nikakanyaga breki tukayumba. Mama akavua lile blanketi, akalikunja, akaniwekea mapajani. "Mpe. Usiseme limetoka kwa nani."

Gari zima lilikuwa na watu watatu. Nikashuka na blanketi chini ya gauni, nikamfikia.

"Gari limeharibika?" akauliza, ameshaanza kuinuka.

"Halijaharibika. Jifunike hili."

Alilitazama. Alijua. Blanketi la mama mkwe haligusi mwili wa mkwe, hilo nalo si la kuelezwa. Lakini kulirudisha ni kumtukana aliyelitoa. Alilipokea kwa mikono miwili, akavuta turubai alilokuwa amejifunika, akalifungia blanketi humo vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka magotini. Kisha akakaa wima kama mwanzo, mvua inampiga kichwani.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikaongeza Kidhopadhola, akasema, "Endesha, mama watoto, sindano inapita."

Hospitalini nikamrudishia mama blanketi. Alilipapasa, likamjibu kuwa ni kavu. "Na yeye?" akauliza.

"Ametota. Anatetemeka pale mlangoni."

Mama akaliweka blanketi kwapani. Akapigwa sindano yake bila kukunja uso, tukarudi garini. Nikaliwasha, nikamwona kaliweka blanketi mapajani vile vile limekunjwa.

"Mama, jifunike, baridi hiyo."

"Sisikii baridi," akasema, na meno yake yanagongana.

Ndivyo nilivyorudi Petta siku hiyo, na blanketi moja kavu na watu wawili wanatetemeka, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kioo cha nyuma ya kabini kati yao ambacho hakuna aliyethubutu kukigeukia. Nilikuwa na hasira nao mpaka machozi yakanizibia barabara.

Karibu na nyumbani kwake mama akasema yule Mhindi asipewe pikapu hii. Nikamwuliza tangu lini anajali magari.

"Lile lingine halina nyuma," akasema. "Mtoto wangu huyo mtamweka wapi?"

Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kumtaja kwa jina, wala kwa cheo, wala kumwita mkwe ila siku ya lile gari la paa. Nilisimamisha pikapu uani kwake. Mama akashuka, akaenda zake mlangoni bila kugeuka, na mume wangu akasubiri mpaka mlango ufungwe ndipo ashuke. Akaja dirishani kwangu, maji yanamchuruzika puani, akauliza mama amesemaje.

Nikamwambia.

Alivua kofia, akaikamua maji. Kisha akaenda akapanda tena nyuma, ingawa mbele palikuwa wazi, na mvua ilikuwa bado inanyesha.