Malkia Aliyekataa Kupiga Magoti

Kila vuli Hilda Braithwaite alikuwa malkia. Miezi mingine yote alikuwa mke wa dalali. Mumewe, Cuthbert, aliuza kondoo mnadani pale Aldersby kwa sauti ya kutikisa vioo, na sauti hiyo ndiyo iliyompa enzi ya Mfalme Edward katika mchezo ambao mji mzima uliupenda kufa. Watu walikuja kwa ajili ya onyesho la mwisho. Mfalme ameuteka mji wa Calais kule Ufaransa, wazee sita wameletwa wakiwa na kamba shingoni wakanyongwe, na malkia mjamzito anapiga magoti kuwaombea hadi mfalme awasamehe. Ukumbi mzima hutoa leso.

Cuthbert alilipenda onyesho hilo kuliko chakula.

"Shuka chini zaidi, mke wangu!" alikuwa akimfokea mazoezini. "Watu wa nyuma hawaoni unavyoteseka."

"Majirani wanaona," Hilda alijibu.

Mwaka ule baridi yabisi ilimvimbisha magoti. Akamwomba Bi Pomfret, mwongozaji, amruhusu aombe akiwa amesimama. Cuthbert akadakia mbele ya wote: "Malkia asiyepiga magoti ni mpishi aliyevaa taji!" Wakacheka. Hilda aliendelea kulishona joho la mfalme, ambalo alikuwa amelikata kutoka kwenye mapazia ya sebuleni kwake.

Siku ya onyesho alifika mahali pake, akasimama wima.

"Magoti," Cuthbert alinong'ona, meno yamefungana.

"Leo hayapo, bwana."

Fundi bomba, mmoja wa wale wazee sita, akaanza kutetemeka kwa kicheko alichokizuia. Mfalme akaiva uso kwa hasira. Dalali hapendi kushindwa bei mbele za watu.

"Basi wanyongwe!" akanguruma.

Ukumbi ukashtuka. Historia ya Uingereza ilikuwa imeharibika pale pale, na nyuma ya pazia hapakuwa na hata mti wa kunyongea. Wale wazee wakatazamana. Hilda akawaendea, akawavua kamba mmoja mmoja, taratibu, kama anayewavua watoto makoti.

"Twendeni, jamani. Chai inapoa."

Wakamfuata, na askari wawili wa mfalme nao wakaona heri chai. Cuthbert akabaki peke yake na mapazia yake.

"Kwa rehema zangu nawasamehe!" akapaza sauti.

"Umechelewa, mzee!" mtu akajibu kutoka viti vya juu.

Makofi kama ya siku ile hayakuwahi kusikika Aldersby. Kabla wiki haijaisha, Cuthbert alikuwa akisimulia mnadani kwamba lile lilikuwa wazo lake.

Mwaka uliofuata Hilda aliukataa umalkia, akaomba nafasi ya mnyongaji. Mke wa daktari wa meno akawa malkia, akapiga magoti vizuri sana, paji la uso likigusa mbao. Hakuna aliyelia. Wote walikuwa wakimtazama mnyongaji, aliyeketi raha mustarehe kwenye kigoda, akimkagua mfalme shingo.