Taa Iliyoibwa Matangani

Ukiingia sebuleni kwa Kalunde kule Kola, usisogelee kabati. Mna taa za zamani za mafuta zenye vioo vya rangi, mabakuli ya waridi, majagi ya buluu na sahani za kioo ambazo hakuna aliyewahi kulia chakula. Amezitoa minadani na katika nyumba za marehemu. Majirani husema anapenda urembo. Majirani hawajui kitu. Kalunde hukusanya vioo kwa chuki.

Mama yake alikuwa na taa ya kioo cha waridi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Siku ya mazishi, watu wakiwa kaburini, Nthenya, mke wa kaka yake Masila, aliifunga kwa leso akaenda nayo kwake. Kwa haraka zake akasahau kofia ya taa, ile ya kioo inayokaa juu. Ilikuwa jikoni imeoshwa, na Kalunde akaificha. Tangu hapo anatafuta kitako cha kuivisha. Kila alichonunua kilikataa, na kila kilichokataa kilimwongezea nyongo.

Majuzi Nthenya akabisha mlangoni, mpole kama kondoo. Binti yake Mutheu alikuwa anaposwa, na watu wa bwana harusi wangeleta mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hajaoa.

"Wifi, niko na wageni Jumamosi. Niazime ile kofia tu, taa ikae mezani ikiwa nzima. Nitarudisha."

"Usijali, wifi," Kalunde akasema. "Nitaileta mimi mwenyewe."

Siku za mwizi ni arobaini. Jumamosi sebule ya Nthenya ilijaa wazee. Kalunde akaivisha taa kofia yake, ikakaa sawasawa, na machozi yakamlenga. Mzee Munyao, msemaji wa wageni, akaisifu.

"Hii ni ya kwetu," Nthenya akamjibu. "Mama yangu aliniachia."

Kalunde alikuwa akilingoja neno kama hilo. Akasimama, akaeleza taratibu taa iliibwa lini, na kaburi la nani lilikuwa bado wazi. Nthenya akainama. Masila akageuza uso ukutani, na kugeuka kwake kukawa ushahidi. Ilikuwa tamu, nisikudanganye, tamu kuliko asali ya Mwala.

Wazee wakatoka nje, wakanong'onezana. Munyao akarudi peke yake.

"Hawa mbuzi wacha turudi nao kwanza," akasema. "Tutaongea siku ingine."

Ndipo Mutheu akatoka chumbani na nguo zake mpya. Alikuwa amepewa jina la nyanya yake, yule mwenye taa, na kwa desturi yao shangazi alimwita "mama" tangu akiwa mchanga. Msichana hakuwahi kuitikia kwa cheo hicho. Siku hiyo alikitumia.

"Chukua taa, mwanangu," akamwambia Kalunde. "Umeilipia na harusi yangu."

Kalunde akaichukua. Kofia ikawa inagongagonga kitako njia nzima hadi nyumbani.